Ufinyanzi, Soko na Majina ya Watu katika Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya majani na upepo, yenye baridi kali katika miezi ya Juni na Julai, na miti yake ni michache kuliko ile ya mabonde yaliyo chini yake. Juu ya uwanda huo uko mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa ulipoundwa mwaka 1974. Jina la mji wenyeji hulifasiri kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Chanji ni kata mojawapo ya mji huo. Wakazi wa mji si Wafipa peke yao: wamo Wamambwe na Walungu wa kusini, Wanyamwanga na Wanyiha wa upande wa Mbozi, Wasukuma walioingia nchi ya Rukwa pamoja na ng'ombe wao, na watumishi na wachuuzi kutoka kila pembe ya Tanzania.

Mama wa Chanji anayetaka chungu cha kupikia maharage aghalabu haendi kwa mfinyanzi, huenda sokoni. Hapo hukigonga chungu kwa kidole akasikiliza mlio wake, hukigeuza atazame kama kina ufa, hupatana bei, kisha akaenda zake. Jina la mwanamke aliyekifinyanga pengine halijui, wala hana haja nalo. Jambo hili ni la kila siku hata halionekani kuwa ni jambo, walakini limewasumbua sana wanachuoni. Kwa muda mrefu wao wamezoea kukiuliza chungu swali moja: Wewe ni wa kabila gani? Swali hilo lingekuwa na jibu rahisi kama kila mpishi angejifinyangia chungu chake. Lakini baina ya mikono inayofinyanga na mikono inayopika limeingia soko, nalo soko hugeuza mambo mawili kwa pamoja: umbo la chungu, na jina la watu wanaojulikana kwacho.

Yafaa kuyatazama maneno kwanza, maana maneno hutunza habari ambazo vigae havisemi. Majina mengi ya vyombo vya udongo katika Kiswahili ni ya asili ya Kibantu. Chungu, pamoja na ndugu zake jungu na nyungu, ni neno lenye jamaa katika lugha nyingi kutoka Kongo hadi pwani. Biga, chombo cha mgema, lina jamaa zake bara ambako ni chombo cha maji. Kaango limetokana na kukaanga. Kando ya hayo wamekaa wageni: sufuria na birika yaliyopitia Kiarabu, kopo na pipa ya Kireno, debe la Kihindi. Ukiyapanga maneno haya kwa umri wake umepata historia ya biashara jikoni. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, neno nyungu lilirudi midomoni mwa watu wa Tanzania kwa habari ya kujifukiza; lakini chombo kilichofuka mvuke chini ya shuka katika nyumba nyingi kilikuwa sufuria. Jina la udongo lilibaki, udongo wenyewe umeondoka.

Katika wageni hao, debe ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Debe la mafuta ya taa, likiisha kutolewa mafuta, lilitwaa nafasi mbili za chombo cha udongo. Kwanza lilitwaa nafasi ya mtungi kichwani mwa mwanamke atokaye kisimani, kwa sababu halivunjiki akijikwaa. Pili lilitwaa nafasi ya chungu kama kipimo cha nafaka. Hilo la pili ndilo lililoleta mageuzi makubwa zaidi, na litaelezwa baadaye.

Wafipa wa zamani hawakujulikana kwa wageni kwa ajili ya vyungu vyao. Walijulikana kwa kilimo, kwa nguo na kwa chuma. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika Ufipa mwaka 1880, aliwasifu kuwa wakulima hasa, akawakuta wakifuma nguo za pamba kwa vitanda vya mfumi. Matanuru yao ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, yangali yakionekana yamesimama katika mashamba na vichaka, mengine yakipita kimo cha mtu kwa mbali. Tanuru la namna hiyo halikuhitaji mivukuto. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini, na chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto. Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958 waliandika habari za kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza matanuru ya Nkansi, akaeleza kwamba kabla ya malungu marefu palikuwa na ufundi mwingine wa matanuru mafupi, uitwao katukutu.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa. Lilungu lote ni kazi ya udongo. Waliolijenga walichagua udongo, wakaukanda, wakaupandisha tabaka juu ya tabaka, wakaukausha ili usipasuke motoni. Hata mabomba ya kupitishia hewa yalikuwa ya udongo uliochomwa. Ufundi huo wahitaji maarifa yale yale ya mfinyanzi. Hata hivyo wanaume hao hawakuitwa wafinyanzi. Waliitwa wahunzi, kwa sababu kilichotoka kazini mwao na kwenda kwa watu kilikuwa jembe. Mwanamke aliyekanda udongo kama ule ule aliitwa mfinyanzi kwa sababu kilichotoka kwake kilikuwa chungu. Jina la fundi, basi, halikufuata kitu alichokishika bali kitu alichokitoa. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba majina ya namna hii huzaliwa upande wa mpokeaji.

Jina la Wafipa lenyewe lina habari ya kufanana na hiyo. Roy Willis, aliyekaa Ufipa kwa uchunguzi katika miaka ya 1960, aliandika kwamba jina hilo lilitolewa na wafanyabiashara wa safari ndefu wa karne ya 19, likiwa na maana ya watu wa mteremko wa milima. Wenyeji wenyewe walijitambua zaidi kwa nchi za watawala wao, Nkansi na Lyangalile, na kwa utawala wa kale zaidi wa Milansi. Aliyekuja kununua na kuuza ndiye aliyehitaji jina moja la kuwaita wote, naye akatazama mahali alipowakuta akawaita hivyo. Jina lilipopata kuandikwa katika vitabu vya wamisionari na vya serikali likawa kabila.

Chuma na nguo vilikufa, chungu hakikufa. Kwa nini? Majembe ya viwandani yalikuja kwa mamia katika meli na magari, yakauzwa kwa bei ambayo mhunzi, pamoja na mkaa wake na siku zake nyingi za kazi, hakuweza kushindana nayo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 malungu yalizimika. Nguo ya amerikani ilikuwa imekwisha kuanza kazi yake mapema zaidi. Lakini jembe na nguo ni bidhaa zinazosafiri vizuri: huvumilia kufungwa, kurundikwa na kutupwa. Chungu ni kizito, kina hewa tupu ndani, huvunjika, na bei yake ni ndogo. Hapana mfanyabiashara wa ng'ambo aliyeona faida kuleta chungu cha udongo Kasanga au Kirando. Udhaifu wake ndio uliokuwa ngome yake.

Tena chungu kilikuwa kazi ya wanawake, na kodi ya serikali ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, iliwatazama hasa wanaume. Wanaume wengi wa Ufipa walikwenda kutafuta fedha mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na katika migodi ya shaba ya kusini. Mhunzi aliyekwenda mkonge aliiacha kazi yake kwa mwaka au zaidi, na tanuru halikusubiri. Mwanamke alibaki karibu na udongo wake, akifinyanga wakati wa kiangazi shamba linapompa nafasi. Kwa hiyo biashara iliyomaliza kazi ya udongo ya wanaume iliiacha ya wanawake, si kwa kuipendelea bali kwa kutoiona.

Adui wa kweli alikuja baadaye, naye ni sufuria nyepesi ya alumini, kisha ndoo na pipa la plastiki. Ni makosa kusema kwamba vyombo hivi vimeua ufinyanzi. Vimeugawa. Chungu cha ugali kiliondoka kwanza, maana ugali husongwa kwa nguvu na sufuria hushikika. Mtungi wa kutekea maji ukafuata. Katika vilabu vya pombe, ambako kimpumu ya ulezi hunywewa kwa mrija na maji ya moto, vyombo vya plastiki na vya bati vimeingia pia. Vyungu vilivyobaki ni vile vya kazi ambazo sufuria hushindwa: maharage yanayotaka moto mdogo wa muda mrefu, maji ya kunywa yanayotaka ubaridi, mitishamba ambayo mganga hataki iguse chuma, na mambo ya jadi ambayo chombo cha dukani hakiyafai. Orodha ya maumbo ambayo binti hujifunza kwa mkubwa wake imekuwa fupi, lakini maumbo yaliyobaki yana wateja walio tayari kulipa, na wengi wao wako mjini.

Turudi katika kipimo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki bei ya chungu ilikuwa ujazo wake. Mnunuzi alikijaza mtama, ulezi au mahindi. Nafaka ikawa ya mfinyanzi, chungu kikawa cha mnunuzi. Kanuni hiyo yaonekana nyepesi, lakini ndani yake mna hesabu kali. Ukiongeza upana wa chungu mara mbili bila kubadili umbo, ujazo wake huongezeka mara nane, hali udongo unaohitajika, kwa unene ule ule wa ukuta, huongezeka mara nne tu. Kwa kanuni ya ujazo, basi, chungu kikubwa humlipa mfinyanzi zaidi kwa kila tonge la udongo. Kinachomzuia ni moto, kwa sababu katika kuchoma nje kwa kuni na nyasi, bila tanuru, vyungu vikubwa ndivyo vinavyopasuka upesi. Mfinyanzi hodari alikuwa yule aliyejua mpaka wa ukubwa ambao moto wake waweza kuuvumilia, na mpaka huo ulijulikana kwa wote waliokula nafaka pamoja naye.

Fedha ilipoingia, na debe likawa kipimo cha nafaka, chungu kiliacha kuwa kipimo cha bei yake mwenyewe. Sasa bei hukatwa kwa maneno. Na mara nyingi huikata mtu wa tatu, mchuuzi, anayenunua vingi nyumbani kwa mfinyanzi na kuvipeleka mjini kwa baisikeli au gari. Mchuuzi ana masharti yake, ambayo hayakutokana na jiko wala na jadi. Ataka vyungu vya kiasi kimoja ili vipangike. Ataka mdomo mnene usioumeguka njiani. Ataka vidogo viingie ndani ya vikubwa na nyasi katikati yake. Chungu kikubwa, kilichompa mfinyanzi heshima na nafaka nyingi, kwake ni hasara inayosubiri shimo la barabara. Naye mnunuzi wa mjini ana sharti lake: chungu cha kale kina kitako cha mviringo kinachokaa vyema juu ya mafiga matatu, lakini juu ya jiko la mkaa au meza chaweza kuyumba. Kitako kikianza kubapa, mtu asitafute sababu katika mila za kuhama kwa makabila; aitafute katika jiko.

Yote haya huonekana katika chungu chenyewe. Linalojificha zaidi ni yale yanayowapata watu. Wafinyanzi wa Ufipa hawakuandikwa sana, kwa kuwa waandishi walivutwa na malungu. Kwa hiyo yafaa kuwatazama jirani, ambao habari zao zajulikana vizuri zaidi, kisha kurudi Chanji.

Jirani wa karibu wenye sifa kubwa ni Wakisi wa ukingo wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa. Vijiji vyao, kama Ikombe na Lyulilo karibu na Matema, vimebanwa baina ya maji na Milima ya Livingstone, na mahali pa kulima ni haba. Wanaume huvua samaki; wanawake hufinyanga. Vyungu hupelekwa kwa mitumbwi hadi masoko ya Unyakyusa, na tangu zamani vilibadilishwa kwa chakula ambacho miamba ya Ukisi haikitoi. S. A. C. Waane aliyeandika habari za ufinyanzi wa Ikombe katika miaka ya 1970 alieleza ufundi huo kwa urefu. Ukiingia katika nyumba ya Mnyakyusa wa wakati huo ungekuta vyungu vya Kikisi karibu na moto, na kama ungekuwa mchimbaji wa mabaki ya kale, ukafukua nyumba hiyo baada ya miaka mia tano, ungeandika kwamba hapo waliishi Wakisi. Ungekosea kwa sababu ya soko moja.

Lakini kwa Wakisi wenyewe soko limefanya zaidi ya kusambaza vyombo. Kwa mtu wa Mbeya au wa Dar es Salaam, Kikisi ni jina la chungu kabla ya kuwa jina la lugha au la watu. Kabila dogo, ambalo pengine lingesahauliwa katika orodha za makabila makubwa yanayolizunguka, lajulikana kwa sababu wanawake wake hufinyanga kwa ajili ya wengine. Jina la kabila limekuwa alama ya biashara, na alama ya biashara imelinda jina la kabila. Mchuuzi anayesema cha Kikisi hiki hasemi habari ya ukoo. Asema habari ya udongo mzuri na moto wa kutosha. Na hapana kinachomzuia kusema hivyo juu ya chungu kilichofinyangwa mahali pengine.

Habari ya Rwanda ni chungu zaidi, kwa maana ya pili ya neno hilo. Huko Watwa, watu wachache walionyimwa ardhi na misitu, walijulikana kwa ufinyanzi hata Mtwa na mfinyanzi yakawa karibu neno moja. (Msomaji asiwachanganye na Watwa wa Ufipa, ambao ni ukoo wa watawala wa Nkansi na Lyangalile, majina yafanana, daraja zao zilikuwa ncha mbili za kamba.) Vyungu vyao walivinunua watu ambao hawakutaka kula nao chombo kimoja. Plastiki na alumini zilipunguza wateja, na mabonde ya maji walimochimba udongo yakageuzwa mashamba ya mpunga na mengineyo. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 serikali ilikataza watu kujitambulisha kwa majina ya kikabila. Chama chao, kilichoitwa CAURWA, kikabidi kubadili jina katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, kikawa COPORWA, yaani jumuiya ya wafinyanzi wa Rwanda. Jina la kazi likashika nafasi ya jina la watu, wakati kazi yenyewe ilipokuwa imekwisha kushindwa kuwalisha. Mithali ya Waswahili husema mfinyanzi hulia gae. Hapa hata gae lilikuwa limebaki jina tu.

Wajaluo wa Kenya waonyesha upande mwingine. Ingrid Herbich, katika makala ya mwaka 1987, alieleza kwamba mwanamke wa Kijaluo aghalabu hajifunzi ufinyanzi kwa mama yake mzazi bali kwa mama mkwe na wake wenza, baada ya kuolewa na kuingia katika boma la mumewe. Kwa hiyo mtindo wa chungu haufuati damu ya mfinyanzi. Hufuata mahali alipoolewa na wanawake aliokaa nao. Dada wawili waliozaliwa nyumba moja, mmoja akaolewa huku na mwingine kule, watafinyanga vyungu viwili ambavyo mgeni angeviita vya watu mbalimbali.

Na Mafia wanakwenda mbele zaidi. Stephanie Wynne-Jones na Bertram Mapunda walichunguza ufinyanzi wa kisiwa hicho na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008. Wafinyanzi waliotoka bara, wenye jadi nyingine za ufinyanzi, hufinyanga hapo vyungu vya mtindo wa Mafia, kwa sababu ndivyo wanunuzi wa kisiwani wanavyovijua kuwa ni vyungu. Mikono ni ya bara, macho ni ya kisiwa, na macho ndiyo yaliyo na fedha.

Msomaji akiyaweka haya mbele yake na kuitazama tena Ufipa, ataona kwa nini nchi hiyo ni mahali pa hatari kwa wasomaji wa vigae. Kusini yake, mpakani mwa Zambia, yako Maporomoko ya Kalambo, ambayo J. Desmond Clark alianza kuyachunguza mwaka 1953, na vyungu vya kale vilivyopatikana huko vimetumiwa kama kipimo cha kuvilinganisha vingine katika nchi pana. D. W. Phillipson, akiandika juu ya Zambia mwaka 1974, alidai kwamba mtindo uitwao Luangwa, unaoonekana tangu yapata karne ya 11, ni kazi ya wanawake, na kwamba huenda ufinyanzi wa Zama za Chuma za mwanzo ulikuwa wa wanaume. Dai hilo lina uzito, maana lakubali kwamba kilichobadilika chaweza kuwa ni nani anayefinyanga, wala si lazima iwe ni nani anayekaa nchini. Kusini mwa Ziwa Rukwa iko Ivuna, penye chumvi, ambapo Brian Fagan na John Yellen walichimba katika miaka ya 1960 wakakuta mabaki ya kazi ya chumvi ya karne nyingi. Mahali pa chumvi ni soko hata kama hapana banda wala ushuru: watu huja kutoka mbali, huja na chakula na vyombo vyao, na si kila chombo hurudi nyumbani. Mwenye kuhesabu makabila kwa vigae vya mahali pa namna hiyo ahesabu kwanza njia zinazofika hapo.

Willis aliona pia kwamba vijiji vya Wafipa havikuwa vijiji vya ukoo mmoja. Vilikuwa vya watu waliokubali kukaa pamoja, na mgeni aliyejua kuamkia, kuzungumza na kufanya kazi aliweza kuwa mwenyeji. Kama Ufipa wa mtu ulikuwa jambo la kukaa na kuzungumza kuliko la kuzaliwa, basi mwanamke wa Kimambwe aliyeolewa kijijini huko na kufinyanga huko alikuwa akifinyanga chungu cha Kifipa, bila uongo wo wote. Mji umelipanua jambo hilo, lakini umelipunguzia heshima zake. Katika kata kama Chanji mkaaji haamkiwi na kila anayekutana naye, na Kiswahili kimekuwa lugha ya kupatana bei baina ya watu ambao mama zao wasingeelewana. Chungu cha Kifipa sokoni maana yake ni chungu cha hapa, tofauti na cha kule kinachokuja kwa gari.

Na magari sasa ni mengi. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za Marekani chini ya mkataba wa Millennium Challenge uliotiwa sahihi mwaka 2008. Kabla ya hapo mashimo ya barabara na matope ya masika yalikuwa ushuru uliokilinda chungu cha mahali. Chungu cha mbali kilifika kigae. Sasa Mbeya, na nyuma yake Kyela na masoko ya ziwani, imekaribia kwa saa chache. Barabara hiyo hiyo yaweza kuchukua chungu cha Ufipa kwenda mbali, na yaweza kuleta cha wengine chenye jina kubwa zaidi. Jina ndilo litakaloshindana kwanza, kabla ya udongo. Wafinyanzi wa uwanda wa juu huingia katika mashindano hayo wakiwa na udhaifu mmoja: nchi yao ilipata sifa kwa jembe, nguo na ulezi, na hapana mchuuzi wa Mbeya aliyezoea kulitaja jina lao pamoja na chungu.

Jambo jingine haliamuliwi sokoni, bali limo ardhini. Mfinyanzi huhitaji shimo lake la udongo, tena lililo karibu, kwa kuwa udongo huchukuliwa kichwani. Zamani shimo lilikuwa la wote waliolijua, pamoja na miiko yake. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zimegawa nchi ya Tanzania kwa namna nyingine: Sheria Namba 5 yasimamia ardhi ya vijiji, na humo matumizi ya pamoja ya wanakijiji yaweza kutambuliwa na kuandikwa, Sheria Namba 4 yasimamia ardhi ya miji, ambayo hupimwa viwanja na kupewa watu mmoja mmoja kwa hati. Mji unapokua na kukimeza kijiji, shimo la udongo huvuka kutoka sheria moja kwenda nyingine bila kusogea hata hatua moja. Wakati huo huo mji unaokua wataka matofali ya kuchoma, na udongo unaofaa kwa tofali mara nyingi ni jirani wa ule unaofaa kwa chungu, ukiwa si ule ule. Mwenye matofali huja na lori, hulipa kwa tripu, na mara nyingi ni mwanamume; mfinyanzi huja na jembe la mkono na beseni, katika kiangazi, kwa mzigo ambao kichwa chake chaweza kuubeba.